Jembe Jema Lahitaji Jina

Wazee wetu wametuachia methali isemayo, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni methali njema, wala sina nia ya kuidharau. Lakini mimi ni mhunzi, nafua majembe hapa Kolwezi, na katika miaka yote niliyosimama mbele ya fuawe nimeona kwamba jembe jema halijiuzi lenyewe. Lahitaji jina. Na jina hilo mhunzi mmoja hawezi kulijenga peke yake. Sharti ajiunge na wenzake katika chama.

Nieleze sababu. Jembe imara hufuliwa kwa chuma cha pua, hasa springi za malori makuukuu. Chuma hutiwa motoni hata kiwe chekundu, hupigwa nyundo hata kipate umbo, kisha makali yake hutiwa majini yapate kuwa magumu. Yakizidi ugumu huvunjika juu ya jiwe. Kwa hiyo hupashwa moto mara ya pili, kwa kiasi, ili yalegee kidogo. Jembe la namna hiyo hulima misimu mingi. Lakini liko jembe jingine, lililokatwa katika bamba la chuma laini na kupakwa rangi nzuri. Sokoni yote mawili yapendeza. Mama anayenunua hana njia ya kuyapambanua, mpaka mvua zianze na jembe lijikunje shambani. Hapo hamkasirikii mhunzi mmoja, maana hamjui aliyelifua. Husema, "Majembe ya hapa kwetu si kitu," na mwaka wa pili hununua lililotoka ng'ambo. Basi ubaya wa jembe moja umetuadhibu sote.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini kuhangaikia majembe katika mji wa shaba? Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière, na tangu mwaka 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Shaba na kobalti zimeujaza watu, nao wote hula bukari. Lakini unga mwingi wa bukari hiyo huvuka mpaka kutoka Zambia. Mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba hata ndani ya nyua zao. Siwalaumu, maana kila mtu hutafuta riziki ya watoto wake. Lakini madini yakichimbwa hayaoti tena, na shamba lililotunzwa laweza kulimwa na wajukuu. Nchi yenye udongo na mvua kama yetu ikikosa hata fundi wa jembe, itakuwa imejifunga mikono yenyewe.

Wala tusidhani kwamba umoja wa mafundi ni jambo la kigeni lililokuja kwa meli. Kabla ya Wazungu kufika, Wasanga wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuifanya misalaba midogo iliyotumika kama fedha mbali sana. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika habari zao, akiwaita "walaji wa shaba." Mavuno yalipokwisha na kiangazi kuingia, waliondoka pamoja: hawa walichimba mawe, hawa walichoma makaa, na wengine walijenga tanuru na kuvukuta moto. Nao mabingwa wa kazi hiyo walikuwa ndugu wa chama kimoja, kilichotunza maarifa ya kuyeyusha na kumfunza mwanachama mpya kabla ya kumkabidhi kazi. Basi babu zetu walijua jambo ambalo sisi, kila mtu na kibanda chake na mvukuto wake, tumelisahau.

Hata huko Ulaya mafundi walipita njia hiyo. Katika Sheffield, Uingereza, walikuwako wahunzi wengi wa visu, mikasi na miundu ya kuvunia nafaka. Mwaka 1624 Bunge liliwapa sheria ya kuwa na chama chao, kiitwacho Company of Cutlers in Hallamshire. Sheria hiyo iliagiza mambo mawili ambayo nayaona kuwa makuu. La kwanza, makali ya vyombo vyao yawe ya chuma cha pua na si kingine. La pili, kila fundi agonge juu ya kazi yake chapa aliyopewa na wakuu wa chama, wala asigonge nyingine. Kwa hiyo mnunuzi aliyeona chapa aliweza kumjua fundi, na fundi mdanganyifu hakuwa na mahali pa kujificha. Chama hicho kipo mpaka leo, na jina la Sheffield limejulikana duniani kote kwa vyombo vya makali.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ninayoitamani kwetu: chapa moja, na chini yake namba ya kila mhunzi. Jembe likijikunja, mama alirudishe kwa chama. Chama kimpe jingine, na aliyelifua alipe.

Faida ya pili ni chuma chenyewe. Mhunzi mmoja hununua springi moja moja kwa mchuuzi, kwa bei anayotajiwa. Wahunzi ishirini wakichanga fedha wataweza kununua shehena nzima ya vyuma vikuukuu, na kuchagua kabisa kilicho cha pua. Kadhalika makaa. Tena watapatana juu ya vipimo, ili mpini uliochongwa kwa jembe la huyu ulifae na jembe la yule.

Faida ya tatu ni kazi kubwa. Mwaka mmoja shirika fulani liliniuliza kama naweza kufua majembe 300 kwa ajili ya akina mama wakulima, kabla ya mvua za Novemba. Mimi na kijana wangu, tukijitahidi sana, hufua sita kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe: ni siku hamsini za kazi bila ugonjwa wala msiba, nazo zilikuwa zimebaki ishirini na tano. Majembe yalinunuliwa kwa mfanyabiashara, yametoka ng'ambo. Lakini wahunzi kumi tungaliyamaliza kwa siku tano.

Na kazi za namna hiyo hazikosekani. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaagiza makampuni yatenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji wa mahali yanapochimba. Sehemu ya fedha hizo yaweza kununua zana za kilimo. Lakini nani atamwagiza mtu mmoja asiye na karatasi, asiye na stakabadhi, asiyeweza kuahidi siku ya kumaliza? Huagizwa aliye na jina, ofisi na daftari.

Wenzetu wa Nairobi walilitambua hilo. Mafundi wa Kamukunji hufua matoroli, mabeleshi na majiko, na zamani walipigwa na jua pasipo paa. Ndiyo sababu waliitwa watu wa jua kali. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na serikali ikaahidi mabanda. Mafundi wakahimizwa kuunda vyama, ili viwanja vipewe kundi, wala si mtu mmoja mmoja. Mkubwa hawezi kusikiliza sauti mia zinazogombana. Sauti moja ya watu mia yuaisikia.

Hata hivyo, ndugu zangu, sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Vyama vya ubaya vipo, tena karibu nasi. Wachimbaji wadogo huamriwa kujiunga katika vyama vya ushirika, na neno lenyewe ni jema. Lakini baadhi ya vyama hivyo ni vya jina tu: mkubwa mmoja ndiye mwenyewe, na mchimbaji hukatwa fedha pasipo kuulizwa neno. Chama cha namna hiyo si kamba ya kuvutia pamoja, bali ni kamba ya shingoni.

Basi yatupasa kushika masharti matatu. Mwanachama awe mtu afanyaye kazi ya uhunzi kwa mikono yake. Daftari la fedha lisomwe mbele ya wote kila mwezi, na sanduku liwe na funguo zaidi ya mmoja. Na viongozi wachaguliwe kwa muda, kisha warudi kwenye nyundo zao. Sheria haitukatazi. Nchi yetu iliingia mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa mataifa ya Afrika yenye sheria moja za biashara, na sheria yake ya ushirika yaruhusu watu watano tu kuanzisha chama kidogo, kila mtu na kura yake moja, mwenye hisa nyingi sawa na mwenye hisa moja.

Nanyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili, msidhani kwamba uhunzi ni kazi ya wasiojua kusoma. Chama chahitaji mtu wa kuandika barua, wa kupiga hesabu, wa kuchora vipimo. Baba wa kijana asiyetaka kushuka shimoni atapata wapi fundi wa kumfunza mwanawe, tukifa kila mmoja na maarifa yake? Watu watano wenye nyundo hawakosekani katika Manika wala Dilala. Tukutane kabla ya mvua zijazo.