Swali la Mtoto wa Kituku

Sisi walimu wa dini tumezoea kuuliza, na watoto kujibu. Mtoto akigeuza mambo akauliza yeye, mara nyingi twamkatiza.

Ilikuwa hapa Kituku, kando ya ziwa Kivu, asubuhi ya mafundisho ya Kipaimara. Wanawake walikuwa wakichota maji kwa bidoni. Binti mmoja akasema: “Mwalimu, kaka yangu anasoma fizika chuo kikuu. Asema maji ya chini kabisa ya ziwa letu yana joto kupita ya katikati. Mbona basi hayapandi juu?” Tukakumbuka masomo ya seminari: maji ya moto hupanda, hata katika sufuria. Tukamjibu kwamba kaka yake amekosea. Wenzake wakacheka na, twakiri, tulicheka pamoja nao.

Baadaye tulisoma habari za Erasto Mpemba, tukaona haya. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa na sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika friji. Siku moja Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, ambaye hakuchemsha kabisa, yalikuwa bado uji. Akauliza kwa nini. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizika ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa zima likaifanya mzaha.

Ndipo akaja kuwatembelea Denis Osborne, mwalimu wa fizika katika chuo kikuu huko Dar es Salaam. Mpemba akasimama na swali lile lile. Wanafunzi wakacheka tena. Bwana Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini hakucheka. Aliporudi akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, ila atarudia mpaka apate jibu lililo sawa! (Fundi huyo ni ndugu yetu.) Mwaka 1969 Osborne na Mpemba waliandika pamoja katika jarida la fizika, majina yote mawili juu ya karatasi. Wataalamu wangali wakibishana: wengine wakitafuta sababu, wengine wakisema jambo lenyewe halionekani kila mara.

Basi tukaenda kuuliza habari za ziwa letu. Kumbe kaka yule alisema kweli. Karibu na meta 80 kwenda chini joto ni kama digrii 23. Huko chini, penye meta zaidi ya 400, lafika kama 26. Chemchemi za chini huleta chumvi na hewa ya kaboni, nazo huyafanya maji yale kuwa mazito, yasipande ingawa yana joto. Uzito huo ndio unaoifungia hewa nyingi chini ya mitumbwi yetu. Mwaka 1986 hewa kama hiyo ilitoka katika ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu kama 1,700. Hilo ndilo swali tulilolicheka.

Jumapili iliyofuata tulimwita binti mbele ya wenzake, tukasema: “Aliyekosa ni mwalimu wenu.” Akainamisha kichwa. Kisha akauliza ni nani aliyeshusha kipimajoto huko chini, na kamba yake ilikuwa ndefu kiasi gani.