Gugu Nililoliingiza Mwenyewe

Kosa langu lilipigwa picha. Vibarua wamesimama mbele ya lundo la gugu karoti lililowazidi kimo, na mimi niko pembeni, nimevaa fulana ya mradi, meno yote nje. Picha ilikwenda kwa wafadhili na kuwekwa kwenye jalada la taarifa ya mwaka. Mtu anayelijua gugu hilo angeitupia jicho akashika kichwa, maana lundo zima lilikuwa jeupe kwa maua.

Nilikuwa msimamizi wa kazi ya kuondoa mimea vamizi katika hifadhi ndogo nje kidogo ya Arusha. Gugu karoti lilikuwa limeshika kingo za barabara kuu, kama lilivyoshika sehemu nyingi za mkoa huo tangu lilipoonekana mwaka 2010. Kwao ni Amerika. Huku ng'ombe hulikwepa, na akilila kwa njaa maziwa yake huwa machungu. Lina sumu inayodumaza nyasi za jirani. Wapo watu ambao likiwagusa tu ngozi huwasha na kuvimba, wengine kifua hubana. Mama mmoja katika kikundi chetu aliumuka mikono hadi viwiko, akaacha kazi. Fulana za mradi zilikuwa zimeshanunuliwa wakati huo. Glavu zilikuja baadaye.

Mche wa gugu hili ukiota hulala kwanza, majani yametandaa juu ya udongo, na hapo unang'oka kwa vidole viwili. Mvua zikikubali, baada ya mwezi mmoja hivi umeshachanua, na mmea mmoja uliokomaa unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu ni nyeusi, urefu wake milimita 2 hivi, na hunasa kwenye tope, kwato, nguo na matairi. Yote haya niliyajua, niliyafundisha hata kwenye semina. Lakini tulikuwa tunalipa vibarua kwa lundo, na miche haijazi lundo. Kwa hiyo tulingoja magugu yakue. Hakuna aliyetamka hivyo, ila hata mimi nilikuwa nikipita asubuhi, nayaona bado mafupi, nasema wiki ijayo.

Shimo la kuchomea lilikuwa upande wa pili wa hifadhi, palipowahi kuchimbwa moramu. Tuliyapakia kwenye pikapu ya wazi, bila turubai, tukakata katikati ya mbuga ambako gugu halikuwa limefika bado. Siku moja tulimkuta mzee wa Kimaasai akichunga karibu na geti. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Kijana wangu, hizo mbegu mnazipeleka wapi?"

"Tunakwenda kuzichoma, mzee."

"Mtachoma zitakazofika."

Nilicheka, dereva hakucheka.

Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, miche iliota kwa mistari miwili kando ya njia ya gari, kuanzia getini hadi kwenye shimo. Palipokuwa na makorongo, pale gari liliporuka na mzigo kutikisika, ilibanana mpaka huoni udongo. Dereva ndiye aliyeiona kwanza. "Bosi," akasema, "hii si njia yetu?"

Hadi hapo ulikuwa uzembe. Kilichofuata nilikifanya kwa akili timamu. Katika taarifa niliandika kwamba mbegu "huenda zimesambazwa na maji ya mvua na wanyamapori". Ile njia inapanda kilima. Maji hayapandi kilima.

Ningeweza kujitetea kwamba binadamu ndio wamelibeba gugu hili kote lilikofika. India lilionekana miaka ya 1950, na husemwa kwamba lilifika na shehena za ngano. Huko Queensland, Australia, liliingia mwaka 1960 ndani ya mbegu za nyasi za malisho kutoka Texas. Lakini wa Queensland walijifunza, wakajenga vituo vya kuoshea magari na mashine za shambani ili zisibebe mbegu. Sisi tulikuwa na pampu ya maji pale pale getini, ikitumika kumwagilia maua ya ofisi.

Sasa vibarua wanalipwa kwa eneo walilopita na kulisafisha. Wanaanza mara tu mvua za kwanza zinaposhika, wamevaa glavu, wanang'oa kabla ya ua. Mmea uliowahi kuchanua unaingia kwenye mfuko na mdomo unafungwa pale pale. Gari linaoshwa. Na pale tulipopunguza mifugo, nyasi zikafunga, gugu limepungua zaidi kuliko tulipong'oa, kwa sababu hupenda ardhi iliyochunwa. Ni kazi isiyo na cha kupiga picha. Nilipotuma picha ya nyasi tupu, ofisa mmoja wa wafadhili aliuliza kama mradi umesimama.

Ile sentensi yangu haikufa. Mwaka jana niliikuta katika andiko la kuombea fedha la hifadhi nyingine, imenakiliwa neno kwa neno, isipokuwa "huenda" ilikuwa imeondolewa. Waliomba fedha za kuchimba mitaro ya kuzuia maji yanayoleta mbegu. Sikufanya kitu kwa miezi kadhaa. Wiki hii nimewaandikia barua kuwaeleza mbegu zilipita wapi, nakala kwa wafadhili wetu, na nimetaja kwamba dereva alinionya.