Na Kichwa cha Cherehani Hadi Muleba

Kichwa cha cherehani ya shangazi kilikaa kwetu Kitendaguro, Bukoba, tangu Pasaka. Kilikuwa kimeshatengenezwa, kinangoja mtu wa kukifikisha Muleba. Ni chuma kitupu. Tulikining'iniza kwenye mizani ya kupimia kahawa kikatoka kilo 12 na ushei. Kwa basi ningekifikisha asubuhi na jioni nikawa nyumbani. Lakini nilikuwa na baiskeli ya gia ya mtumba, nilikuwa na likizo ya siku nne, na tangu utotoni nilitamani kuijua barabara ile kwa miguu yangu, nisiione tena kupitia dirisha la Hiace. Safari ya baiskeli ya kulala njiani sikuwahi kuifanya.

Swali likawa moja: chuma hicho kitakaa wapi?

Kwetu baiskeli ya mzigo haihitaji maelezo. Simama Rwamishenye alfajiri uwaone wabeba ndizi wakiingia mjini. Mkungu mmoja kila upande wa keria umening'inia hadi karibu na ekseli, mwingine umelala juu, na mara nyingine wa nne umebanwa ndani ya fremu. Majani makavu ya mgomba yametandikwa kila mahali chuma kinapogusa tunda. Mlimani mwenye baiskeli hapandi, anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Keria yenyewe ni ya nondo, kazi ya fundi wa kuchomelea wa mtaani, na miguu yake imefungwa pamoja na nati za gurudumu la nyuma. Tata, yaani baba yangu, aliifanya kazi hiyo miaka mingi, mpaka magoti yakamkatalia.

Baiskeli yangu ilikuja bila keria. Nikanunua ya alumini, nyepesi, inang'aa, ya kufungwa kwa skrubu nne ndogo kwenye matundu yaliyotobolewa tayari kwenye fremu. Binamu yangu anayeishi Ujerumani alikuwa ameniachia mabegi mawili ya Ortlieb, na hayo niliyashangaa usiku mzima. Nyuma yana ndoano mbili za plastiki ngumu. Unalining'iniza begi kwenye keria, ndoano zinajifunga zenyewe, na ukivuta mkanda wa juu zinafunguka. Mdomo haufungwi kwa zipu. Unaukunja mara tatu au nne kama mdomo wa mfuko wa unga, kisha unabana pembeni, na mvua haiingii. Binamu alinieleza kwamba mwenye kampuni hiyo, Hartmut Ortlieb, alinyeshewa akiwa safarini kwa baiskeli Uingereza, akaona malori yakipita na turubai zao huku mizigo mikavu. Akarudi kwao akashona begi la kwanza kwa kitambaa cha turubai, na mwaka 1982 ikawa kampuni. Kwetu Bukoba, ambako turubai halikosekani juu ya gari lolote la kahawa, habari hiyo inaingia akilini mara moja.

Watu wa pwani wana neno la kitu hiki tangu zamani: shogi, ule mfuko wa pande mbili anaotandikwa punda. Nilichokuwa nacho ni shogi la baiskeli.

Tata alikuja kukagua. Akaiinua ile keria kwa kidole kimoja.

"Hii ni ya kubebea nini, mwanangu?"

"Mzigo, Tata."

Akaigeuza, akaona namba zilizogongwa ubavuni: kilo 25. Akahesabu spoki za gurudumu la nyuma, akapata 36. Baiskeli yake ya zamani, ya mtindo wa Kiingereza, ina 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu walioibuni walijua mzigo utakaa wapi. Kisha akaniuliza mzigo wangu una uzito gani. Cherehani 12, sukari na mchele wa shangazi 12 upande wa pili ili mabegi yalingane, blanketi, nguo, maji na vifaa 6. Jumla kilo 30. Hakusema kitu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na vipande vinne virefu vya mpira wa tyubu ya lori, akavikunja na kuviweka ndani ya begi langu.

Siku ya kwanza niliondoka kabla jua halijatoka. Hatua mia za mwanzo zilinitia hofu, maana baiskeli niliyoizoea ilikuwa imegeuka mnyama mwingine. Kila nilipokanyaga pedeli kisigino kiligonga begi. Nikashuka, nikayasogeza mabegi nyuma, kisigino kikapata nafasi. Lakini sasa uzito wote ulikuwa umekaa nyuma ya ekseli, na gurudumu la mbele likawa jepesi, linatangatanga kama ndama anayetafuta mama. Kwenye mteremko wa kwanza mrefu usukani ulianza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha kama mtu mwenye homa. Nilibana fremu kwa magoti na kushika breki polepole mpaka ikatulia. Moyo haukutulia upesi hivyo.

Chini ya mteremko palikuwa na wabeba ndizi wawili wanapumzika. Walikuwa wameniona nikishuka. Mmoja wao, mtu mzima, aliinuka bila kuitwa.

"Waitu, umeweka kila kitu mkiani," alisema. "Mbele hakuna kitu. Itakutupa."

Akaomba ruhusa, akafungua begi, akatoa mfuko wa sukari wa kilo 5. Aliufunga chini ya usukani, umelalia foku, kwa mpira mmoja wa Tata. Nilimtazama mikono. Anaushika mpira kwa mvuto, anauzungusha mara mbili mahali palepale kabla ya kwenda pengine, na kila mzunguko unaubana uliotangulia. Mwisho haufungi fundo, anauchomeka ncha chini ya mizunguko. Kamba ikilegea imelegea, bali mpira unaufuata mzigo unapocheza. Cherehani nayo akaniambia niishushe chini kabisa ya begi, upande wa karibu na kiti, na vitu vyepesi vikae nyuma na juu. Nilipopanda tena, baiskeli ilikuwa imerudiwa na akili. Binamu aliwahi kunisimulia kwamba wasafiri wa Ulaya hutundika mabegi madogo kando ya gurudumu la mbele, chini kabisa, nikadhani ni mtindo tu. Mbeba ndizi huyu, ambaye hajaliona begi la namna hiyo, alikuwa akinieleza jambo lilelile.

Kemondo, kama kilomita 20 kutoka mjini, nilikunywa chai na chapati nikitazama upande wa bandari. Vijana wa bodaboda walikuja kuzishangaa ndoano za mabegi. Walinifurahisha, kwa kuwa bodaboda yenyewe ilizaliwa kwenye keria. Ilikuwa miaka ya 1960, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, vijana walipofunga mito juu ya keria za baiskeli wakawa wanavusha watu. Pikipiki zilikuja baadaye sana.

Muhutwe niliiacha barabara kuu ya Muleba, nikashika ile inayopandia Kamachumu. Ni njia ndefu, lakini niliitaka kwa sababu ya mlima wake. Ziwa lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na njia inakutoa karibu nalo na kukupeleka juu kwenye uwanda wa migomba. Nilipanda kwa gia ndogo kuliko zote, mwendo wa mtu anayetembea. Watoto waliandamana nami, wakipokezana kusukuma begi la kulia. Jasho liliingia machoni. Hata hivyo sikumbuki saa nyingine nilipofurahi kiasi kile, na kila nilipogeuka maji yalikuwa yameongezeka upana.

Kisha nikasikia *tik*. Sauti ndogo, kama kijiti kinachovunjwa. Keria ikainama kushoto na begi likagusa tairi. Mguu mmoja wa alumini ulikuwa umekatika palepale unapokutana na skrubu, pale ambapo kilo zote zile zinaning'inia kwenye chuma chembamba kama kidole cha mtoto. Kosa lilikuwa langu. Namba iliandikwa, na Tata aliisoma mbele yangu.

Mipira mitatu iliyobaki iliufunga mguu ule kwenye fremu. Nilisukuma mpaka Kamachumu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo. Nikaelewa kwa nini wabeba ndizi wanatembea hivyo. Mkono wa nyuma una kazi zaidi ya kusukuma: unasikiliza. Mzigo ukianza kuteleza, kiganja kinajua kabla ya jicho. Nilifika gesti jua linazama, nikala ndizi na maharage, nikalala kama gogo.

Asubuhi ya siku ya pili fundi wa kuchomelea aliichukua ile keria, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii siiwezi. Mashine yangu ni ya chuma. Na alumini haikuonyi. Chuma kinakuwa chekundu kwanza, ndipo kinayeyuka. Hii inakaa vilevile na rangi yake, halafu inadondoka."

Ana haki. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, wakati chuma kinataka kama 1,500, na mashine ya kuchomelea alumini ni nyingine kabisa. Hapo ndipo nilipojua nilichopaswa kuuliza dukani. Mimi niliuliza ina uzito gani. Nilitakiwa kuuliza ikivunjika, nani ataitengeneza, na wapi.

Alitengeneza mpya nikiwa nimekaa kwenye kigogo namwangalia. Nondo ya milimita 8, kama mita nne. Mita moja ya nondo hiyo ina karibu gramu 400, kwa hiyo keria nzima ilifika kilo moja na nusu na kitu, mara mbili na zaidi ya ile niliyoitupa. Aliikunja kwa bomba, bila kuipasha moto. Ncha za miguu alizigonga zikawa bapa, akazitoboa, akazivalisha kwenye ekseli chini ya nati za gurudumu, kama za wabeba ndizi. Uzito sasa ulikuwa unashuka moja kwa moja kwenye ekseli, bila kupitia skrubu ndogo. Ndoano za mabegi zilikuja na vipande vya plastiki vya kupunguza upana kwa vyuma vyembamba, zikaingia barabara. Mikwaruzo ya nondo ilimtia wasiwasi, akaizungushia tyubu pale ndoano zinapokaa. Nilimlipa elfu kumi na tano. Akashukuru: "Kasinge, waitu."

Njia ya kwenda Muleba siku hiyo sitaieleza sana. Ilikuwa migomba, mibuni, vumbi, miteremko, na baiskeli iliyonyamaza kimya. Anayebeba mzigo anajua ukimya huo una thamani gani.

Shangazi alinikuta uani naegesha.

"Umekuja kwa baiskeli? Mabasi yamekwisha?"

"Shikamoo shangazi. Mabasi yapo."

"Marahaba. Cherehani je?"

Hakuyatazama mabegi wala keria. Aliibeba cherehani mwenyewe ndani, akaifunga kwenye meza yake, akatia uzi, akashona mstari mmoja kwenye kitambaa chakavu. Akauinua kwenye mwanga wa mlango, akaukagua. Ndipo akaniletea maji ya kunawa.

Siku ya tatu nilirudi kwa barabara kuu ya lami, kama kilomita 70. Shangazi alinipa mikungu miwili midogo ya ndizi za kupika na debe nusu la kahawa. Mabegi niliyakunja nikayafunga juu, na mikungu ikaning'inia pale yalipokuwa yakikaa, imetandikiwa majani makavu kama inavyotakiwa. Kahawa ilikaa mbele chini ya usukani. Sikutetemeka kwenye mteremko hata mmoja. Karibu na Rwamishenye nilipishana na wabeba ndizi waliokuwa wanarudi makwao na keria tupu. Mmoja aliitazama ya kwangu kutoka juu hadi chini, akaitikia kwa kichwa.

Tata alikuwa mlangoni. Aliisubiri mikungu ishushwe, kisha akaniambia nishike usukani kwa nguvu. Akajikalisha juu ya keria, uzito wake wote, miguu imening'inia, akajitikisa mara mbili kushoto na kulia huku ameinamisha sikio.

"Nati ya upande huu imelegea," alisema, akashuka kwenda kutafuta spana.