Nguvu Hurudi Taratibu

Tumbo likitulia, watu wa nyumbani hudhani mgonjwa amekwisha kupona. Sisi ni dada wawili wa tumbo moja, mmoja wetu muuguzi, na sote tuna ugonjwa wa siliaki, ambao hufuata ukoo. Gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huufanya mwili ushambulie utumbo mwembamba, hata chakula kisifyonzwe vizuri.

Tuliacha chapati, mandazi na mkate. Tukabaki na ugali wa mahindi, wali, muhogo na maharagwe, na unga wetu tukausaga kwenye mashine isiyosaga ngano. Baada ya wiki chache kuharisha kulikoma. Hapo maneno yakaanza: "Mmeshapona, mbona bado mmekaa tu?" Ndoo na jembe vilikuwa vinatungoja.

Lakini utumbo wa mtu mzima hupona polepole. Huenda ikachukua miezi mingi, hata miaka miwili au zaidi. Tumbo laweza kuwa kimya huku damu ikiwa bado pungufu na mifupa ikikosa madini ya chokaa. Mwenye damu pungufu akikimbia hupata kizunguzungu na moyo humwenda mbio. Mwenye mifupa dhaifu akijitwisha ndoo ya lita 20 aweza kuvunjika.

Kwa hiyo tulipima damu kwanza, tukameza vidonge alivyoagiza daktari, ndipo tukaanza kutembea dakika 10 kila jioni, njia ya tambarare. Kipimo chetu kilikuwa mazungumzo. Tulipoweza kusimuliana habari bila kutweta, tuliendelea, tuliposhindwa, tulipumzika. Kila juma tuliongeza dakika chache, hadi tukafika 30. Baadaye tukaongeza kuinuka kitini na kuketi mara 10 bila kushika kitu, maana misuli na mifupa huimarika ikibebeshwa uzito kidogo kidogo.

Je, kufua na kulima si mazoezi? Ni mazoezi, ila kazi haikuulizi kama umechoka. Matembezi unayapunguza mwenyewe. Ndiyo maana tuliwaomba waume zetu na watoto wachukue ndoo kwa muda. Walikubali, ingawa si siku ya kwanza.

Mama uliye katika njia hii, usione haya kwenda taratibu. Uchovu ukizidi badala ya kupungua, rudi kliniki upimwe tena, kisha kagua jikoni. Huenda ni ule uji wa lishe wenye ngano, unaoumalizia mtoto akishiba.