Ujumbe Tuliotuma Kabla ya Kutazama

Asubuhi moja ya Februari tuliteremka ufukweni hapa Maskati kuchota maji ya zoezi la maabara, tukaikuta bahari kijani kama kisamvu. Tulikuwa watatu, wote wajukuu wa watu waliorudi kutoka Unguja, na sote tumekulia kwenye hadithi za mwaka 2008. Mwaka ule tulikuwa hatujaanza skuli. Maji mekundu yalikaa kwenye bahari hizi kwa zaidi ya miezi minane, yakagusa zaidi ya kilomita 1,200 za pwani, yakaua samaki maelfu ya tani na kulazimisha mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari kufungwa hapa na pale. Kwa nchi inayokunywa bahari, hilo si jambo dogo.

Basi tukaogopa. Kabla tone moja halijafika kwenye kioo, tukatuma sauti kwenye kundi la familia: "Msinunue samaki leo, bahari ina sumu." Adhuhuri ujumbe ule ukaturudia kutoka kwa jamaa wa Suhar, umeshapita mikono tusiyoijua.

Maabara, mwalimu alituuliza swali moja tu: "Mmeona minyororo?" Kile kidudu cha 2008, Cochlodinium polykrikoides, huogelea seli zake zikiwa zimeshikana mkia kwa kichwa. Ukishayatia maji dawa ya ayodini, yakawa rangi ya chai, seli hubadilika umbo na minyororo hukatika, kwa hiyo ni lazima kwanza uyatazame mabichi. Tukayatazama. Kisha tukahesabu kwenye kile kioo cha mililita moja chenye vijumba 1,000, macho yanatoka machozi, tunabishana kama hiki tumeshakihesabu au bado.

Minyororo haikuwapo. Tulichokiona hata bila hadubini kilikuwa vidonge mviringo kama punje za sago, na chini ya hadubini, ndani yake vijani vidogo vinahangaika: Noctiluca. Hujaa bahari hii wakati wa kaskazi. Hakiwekei nyama ya samaki sumu. Kikijazana hutoa amonia, na kikifa na kuoza humaliza hewa ya majini, samaki wakafa au wakahama. Wala kile cha 2008 hakikusifika kwa kuwadhuru walaji. Kiliwaua samaki wenyewe, kwenye mashavu. Iko mimea mingine ya jamii hii inayotia sumu kome na chaza, lakini siyo hii. Neno letu lilikuwa kosa kwa vyote viwili.

Setilaiti nayo isingetuokoa. Hupima rangi ya bahari, ikaonyesha kijani kimetanda wapi, siku ambayo hakuna wingu wala vumbi. Jina la kilichomo haisemi. Lazima mtu ateremke na ndoo.

Jirani yetu mvuvi, tunamwita Ami, hakuuza samaki wake siku mbili. Tulikwenda kumtaka radhi, tumejipanga mlangoni kama watoto waliovunja kikombe. Akatutazama mmoja mmoja.

"Sumu mliionja, wanangu?"

Tukanyamaza. Ndipo akatueleza kwamba maji haya ya kijani usiku huwaka, ukitia kasia unaona moto. Yale mekundu hayakuwaka hivyo, yalinata kwenye nyavu. Jambo tulilolitafuta saa nne kwenye kioo, yeye alikuwa nalo tangu usiku wa kwanza. Hakuna aliyemuuliza, sisi tukiwa wa kwanza.

Kuandika ujumbe wa kusahihisha kulitushinda kuliko kuhesabu. Tukisema "mwani", mabibi watafikiria kamba za mwani za Paje. Tukisema "vijidudu", tumewatisha upya. Wahadhiri wetu wa Kiswahili wakiwa na neno, watupe. Sisi tuliandika sentensi ndefu: vimea vidogo mno, vimezaliana kwa wingi, samaki mzima aliyevuliwa leo analika. Hakuna aliyeusambaza.

Siku hizi daftari letu lina safu ya ziada, baada ya joto la maji na chumvi: "Usiku yaliwaka?" Safu hiyo anaijaza Ami kwa simu, baada ya alfajiri. Na Bibi, kabla hajamtuma mtu nguru wa Ijumaa, hutupigia: "Mmeshatazama?"