Udongo wa Soin Waishia Kisumu

Mpenzi msomaji unayeishi Kisumu, ziwa lako huanzia huku kwetu Soin. Usicheke. Sisi tuko mteremkoni, kati ya mashamba ya chai ya Kericho na nyanda za Kano. Mvua ya huku haikai. Hushuka kwa mito kama Awach hadi Ghuba ya Winam, pale mji wenu ulipoanzia reli ilipofika mwaka 1901, ukaitwa Port Florence.

Maji hayo hayaendi mikono mitupu. Hubeba udongo. Ukitaka ushahidi, nenda Nyakach ukalitazame korongo la Katuk Odeyo, lililomeza mashamba ya watu. Maji yanayolichimba hutoka vilima vya huku juu. Udongo ukifika ziwani pamoja na mbolea na uchafu wa mji wenyewe (hapo msitusingizie!), gugumaji hushiba. Mnamo 1998 lilitanda ghubani hata meli zikatatizika kufika bandarini. Wadudu walioachiliwa walile walisaidia, lakini hadi leo hurudi.

Shambani kwangu nimepanda nyasi za nepia kukingama mteremko. Udongo hubaki, na ng'ombe hupata malisho. Kwa jirani maji hupita mekundu kama chai ya maziwa. Nilipomshauri apande pia, aliniuliza: "Nitoe mistari minne ya mahindi ya watoto wangu, Kisumu watanilipa?"

Sikuwa na jibu. Ninyi mnaokunywa maji ya Dunga, mngemwambiaje?