Mzazi Naye Aunge Udugu



Wasomaji wapenzi, tumezoea kusikia mimbarini haki za wazazi juu ya watoto wao, na ni wajibu tuzisikie. Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala, katika Suratul Israai, ameamrisha wema kwa wazazi pamoja na amri ya kumuabudu Yeye peke Yake, akakataza hata guno dogo la kuchoshwa nao wanapokuwa wakongwe. Hayo hayana mjadala. Lakini uko upande wa pili ambao husemwa kwa nadra. Mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, mwenye kazi na nyumba yake, anapokuja kumzuru mzazi, mzazi naye ana adabu zake katika ziara ile.

Mimi ni mtu wa pwani, na kazi ya kusomesha Qur'ani ndiyo iliyonifikisha huku Kifanya, katika Njombe, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Huku hakuna minazi. Ni nchi ya baridi, ya viazi, chai na parachichi, na vilima vyake vimefunikwa na misindano na milingoti. Wenyeji wengi hupanda miti ya mbao. Mwenye kupanda msindano leo hungoja miaka 15, pengine 20, naye anajua tangu mwanzo kuwa mti ule utakapofaa ndipo utakapoondoka shambani. Na watoto ndivyo walivyo. Tumelea wanne. Mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Mbeya, binti yetu ameolewa Songea, na kitinda mimba yuko Maskati. Wamekuwa watu wa kufaa, alhamdulillahi, na kwa sababu hiyo hiyo hawapo nyumbani.

Nyumba iliyokuwa ikigombewa maji ya moto kila alfajiri sasa ina watu wawili na birika moja. Mama watoto bado hupima mchele kwa mkono uliozoea watu sita, kisha hurudisha gao moja debeni. Lakini ikija habari kwamba fulani atakuja Iddi, nyumba hubadilika wiki nzima kabla. Mablanketi huanikwa, mkaa huongezwa, na mimi hutumwa Njombe mjini kutafuta nazi, maana mtoto aliyekulia wali wa nazi hapokewi kwa wali mkavu. Basi kutoka Dar es Salaam huja zaidi ya kilomita 600. Mtoto hushuka na shati jepesi, anatetemeka, na wajukuu wamefungwa khanga za mama yao juu ya nguo zao. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, hulala tena hadi jua limepanda. Mimi hukaa nje ya dirisha lake nikamsikia akikoroma, na kwangu sauti ile ni neema.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanangu siku ya tatu hulitafuta jembe mwenyewe, akaingia shambani mwa viazi bila ya kuambiwa. Siku ya nne hufunga mizigo. Ndiyo ziara ya mwaka mzima: siku nne. Basi tujiulize, sisi wazazi, siku nne hizi huzitumia kwa nini?

Nimeketi na wazee wengi, wa huku na wa pwani, nikaona baadhi yao wakizitumia kwa hesabu. Mtoto hajamaliza kunywa maji, ameshaulizwa ni miezi mingapi hakuonekana, ametuma kiasi gani, na kwa nini ndugu yake ametuma zaidi. Mkewe akipita, husemwa kwa mafumbo. Mtoto huinamisha kichwa, kwa kuwa amefunzwa adabu. Mwaka wa pili hutuma fedha kwa simu, pamoja na maneno mafupi ya udhuru. Fedha zimefika, mtoto hakufika. Na mzee yule hulalamika kuwa vijana wa leo wamekata udugu!

Wazee wa Ubena wanaijua hali ya kungojea kuliko wengi wetu. Zama za ukoloni vijana wa Njombe walikwenda kwa wingi kufanya kazi ya mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, na magari yakawachukua vijana kutoka nchi za mbali kama hizi. Simu ya mkononi haikuwapo. Wako waliorudi mkataba ulipokwisha, na wako waliobakia huko huko. Pwani nako wako wazee waliosindikiza watoto kwenye jahazi, na leo kwenye ndege. Mwenye kujua hayo, mtoto wake akibisha hodi, hatamwuliza kwa nini amechelewa. Atasema alhamdulillahi, umefika.

Tena tumtazame Nabii Ibrahim, alayhis salaam. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba Ismail alipokuwa mtu mzima na kuoa huko Makka, baba yake ndiye aliyefunga safari kwenda kuwaangalia. Mara ya kwanza hakumkuta. Mara ya pili hakumkuta. Aliuliza hali ya maisha yao, na yule mke aliyemshukuru Mungu alimwombea baraka katika chakula chao na kinywaji chao, kisha akaondoka. Hakuacha lawama kwamba mtoto hayupo baba yake akija. Mara ya tatu alimkuta chini ya mti karibu na Zamzam akichonga mishale yake, wakapokeana kama baba na mwana wanavyopokeana. Sitaji kisa hiki ili wakwe wapate ruhusa ya kuvunja nyumba za watoto wao kwa kuwa Ibrahim alimwagizia Ismail abadilishe kizingiti cha mlango. Yeye alikuwa Nabii, na sisi si manabii. Nataja miguu yake, aliyoichosha kwa safari tatu.

Na Mtume wetu, sala na amani zimshukie, ametufunza kuwa muunga udugu hasa si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye jamaa zake wakimkata, yeye huwaunga. Neno hili halikuwatoa wazee. Mzazi ambaye mwanawe ameadimika, na ana afya na nauli, naapande basi amfuate. Akifika, asikague jikoni, asihesabu samani, asikae mpaka wenyeji wakaona dhiki. Na mtoto akija kwake, ampe kwanza salamu, chakula na usingizi. Kama liko la kuonya, alisubirie faragha, alisema mara moja. Asimteta ndugu mbele ya ndugu. Mkwe amwite mwanangu, naye amtendee hivyo. Na siku ya kuondoka amfungie mtoto kitu cha mkononi, japo ni viazi, na dua, kwani dua ya mzazi kwa mwanawe ni katika zisizorudishwa.

Nanyi vijana, msichukue maneno haya kuwa ruhusa ya kukaa mbali. Siku nne ni chache, na miaka ya wazee wenu nayo ni michache.

Atauliza mzee: na uchungu wangu niupeleke wapi? Jawabu iko katika Suratu Yusuf. Nabii Yaaqub alilia kwa kumkosa mwanawe hata macho yake yakawa meupe, na wala kilio hicho hakikuwa dhambi. Lakini shakuwa yake na huzuni yake alivipeleka kwa Mwenyezi Mungu tu. Na sisi tufanye hivyo. Malalamiko tuyapeleke kwenye mswala usiku, na mlangoni tutoke na uso wa furaha.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu walio mbali, warahisishie njia ya kurudi, na uzijaalie nyumba zetu ziwe ni mahali wanapotamani kufika. Amin.

Wassalaamu alaykum.